CHAGULAGA: NI UCHAGUZI GANI USIO NA "HAPANA"?



TUONE. Hapa Zagayu, kama kwingineko Usukumani, neno "chagulaga" halihitaji tafsiri. Vijana humzingira msichana atokaye kisimani, gulioni au ngomani, wakamtaka achague mmoja wao. Wapo wanaotuambia kuwa huo ndio uchumba wa asili. Sisi twauliza: anayeruhusiwa kutaja jina tu, asiruhusiwe kukataa, amechagua nini? Akiwakataa wote, huweza kukokotwa na hata kunajisiwa. Kisha husemwa: "Alijitakia."

Chagulaga imevaa pia suti. Mwalimu atakaye mwili kwa alama za mtihani, na mkubwa wa ofisi autakaye kwa ajira, nao humwambia binti: "Chagua."

TUPIME. Maandiko yanaifahamu hila hii. Susana alizingirwa bustanini na wazee wawili waliokuwa waamuzi, wakampa achague: alale nao, au ashtakiwe uzinzi (Dan 13). Alikataa, na mkutano ukamhukumu kufa, kwa kuwa wasemaji walikuwa wenye heshima. Danieli alifanya jambo moja tu: aliwahoji wanaume, mmoja mmoja. Uongo ukafichuka.

Euphrase Kezilahabi, mzaliwa wa Ukerewe, alitoa riwaya ya Rosa Mistika mwaka 1971. Ndani yake baba ampiga binti vikali kwa barua aliyoandikiwa na mvulana. Baadaye mchumba amwacha kwa kukosa ubikira. Rosa ajiua. Kitabu kilipigwa marufuku mashuleni kwa muda. Tuliona aibu ya kusoma habari zile, wala hatukuona aibu ya wanaume waliozitenda!

Sheria haikunyamaza. Tangu 1998, amwinguliaye msichana aliye chini ya miaka 18, asiye mke wake, ametenda kosa la kubaka, hata akidai kwamba binti aliridhia. Tangu 2016, ampaye mimba mwanafunzi hukabiliwa na kifungo cha miaka 30. Tangu Novemba 2021, binti aliyejifungua anaruhusiwa kurudi shuleni. Lakini sheria itafanya nini, ikiwa kesi humalizwa chini ya mti kwa ng'ombe, na ng'ombe hao huingia zizini mwa baba?

Hatuzikatai mila zetu. Twakataa unyang'anyi uliojifunika vazi la mila.

TUTENDE.
1. Kila Jumuiya Ndogo Ndogo ya Kikristo imhoji kwanza mwanamume: ulikwenda kufanya nini njiani pale? Tusianze na sketi ya binti.
2. Kiongozi wa walei asiketi kamwe katika kikao cha kupatanisha kosa la kunajisi. Apeleke habari polisi.
3. Wazazi wawafundishe wana wa kiume kwamba "hapana" ni jibu kamili.

Tafakari: katika jumuiya yetu, ni nani leo amezingirwa, nasi tumesimama upande upi wa duara?