SIMU IWAFUATE WAZEE WALIKO

Mzee wa Peramiho au Namtumbo anayetumia dawa za shinikizo la damu anapigana na adui asiyeonekana. Ugonjwa wenyewe hauumi kila siku. Akipata nafuu hudhani amepona, huacha dawa, na wako wanaozinduka wakati upande mmoja wa mwili umekwisha pooza.

Udhaifu huu si wa wazee wa Ruvuma peke yao. Mwaka 2003 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata katika nchi zilizoendelea ni kiasi cha asilimia 50 tu ya wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata matibabu ipasavyo. Kwa hiyo programu za simu zinazomkumbusha mgonjwa saa ya dawa na siku ya kliniki hazina budi kupokewa kwa mikono miwili.

Hata hivyo, chombo ndicho kimfuate mtu. Kampeni ya Wazazi Nipendeni, iliyoanzishwa mwaka 2012, iliwafikishia wajawazito ujumbe wa bure, kwa Kiswahili, katika simu za kawaida. Hilo ni fundisho. Programu inayodai simu janja, vifurushi na macho makali itawaacha nje wale wale iliyokusudiwa kuwasaidia. Mzee asiyejua kusoma apigiwe simu na kuelezwa. Asiye na simu afikiwe nyumbani na mhudumu wa afya ngazi ya jamii. Wala ujumbe usitaje jina la ugonjwa, kwani simu ya kijijini hushikwa na watu wengi, na siri ya mgonjwa ni haki yake.

Aidha, ni wajibu wa viongozi wa halmashauri kuhakikisha kwamba dawa zipo. Mzee akiitwa, akatembea hadi zahanati na kukuta dirisha la dawa ni tupu, ujumbe wa pili hatauamini.

Watumishi na walimu wa Songea nao wasingoje mradi. Wengi wao huwatumia wazazi wao fedha kwa simu. Simu hiyo hiyo iulize pia: dawa za leo zimemezwa? Za mwezi ujao zipo? Kumtunza mzee ni desturi ya Taifa hili, na mashine haiwezi kuachiwa kazi hiyo peke yake.