DVD moja, kazi mbili: picha na muziki nyumbani



Mwezi huu ukurasa wetu wa mashauri ya nyumbani unajibu swali linalosikika katika jamaa nyingi, toka Kipushi mpaka Kolwezi: "Tuko na mashine ya DVD ya kuangalia filme. Sasa radio-kaseti yetu imekufa. Inaomba tununue tena mashine ingine juu ya muziki?"

Jibu ni fupi: hapana. Mashine ya DVD inaweza kufanya kazi zote mbili, na franga za kununua mashine ya pili zikabaki kwa chakula ao kwa masomo ya watoto. Lakini kuna mambo matatu ya kufuata: kujua mashine inasoma nini, kuiunga vizuri, na kupatana nyumbani juu ya saa za kuitumia. Hilo la tatu ndilo gumu kuliko yote, kwa hiyo tumeliweka mwisho.

1. Mashine inasoma nini?

Wazee wetu wanakumbuka santuri. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi Mwenda Jean Bosco kule Jadotville, mji ambao leo tunauita Likasi. Wimbo wake "Masanga" ulisafiri duniani kwa santuri za wakati ule, zilizobeba dakika tatu hivi kwa kila upande. Kisha kaseti zikakuja. CD ilianza kuuzwa mwaka 1982, na DVD mwaka 1996 huko Japani.

CD na DVD ziko sawa kwa macho, zote zina upana wa santimetre 12. Hakuna sindano inayozigusa: mwangaza mwembamba wa laser ndio unasoma alama ndogo sana zilizoandikwa ndani. Alama za DVD ni ndogo kuliko za CD na zimesongamana zaidi. Ndiyo maana mashine ya DVD inasoma CD, lakini mashine ya CD haisomi DVD. Ni kama katika jamaa: mukubwa anasoma daftari la mutoto, lakini mutoto hajaweza bado kusoma kitabu cha mukubwa.

Sasa tuangalie kila diski inabeba nini:

– CD ya muziki ya kawaida: dakika 74 mpaka 80. Inachezwa na mashine yoyote ya DVD.

– CD ya MP3: hapa nyimbo zimefinywa. CD ya MB 700, ikiwa kila dakika ya muziki inakula MB moja hivi, inabeba zaidi ya saa 11. Lakini angalia kwanza kama mashine yako iko na alama "MP3" usoni ao kwenye karatasi yake.

– VCD: ni picha zilizowekwa kwenye CD. Inabeba saa moja na dakika kidogo tu. Ndiyo maana filme moja inauzwa kwenye VCD mbili.

– DVD: ile ya kawaida inabeba GB 4,7, ni kusema karibu CD saba.

Mashine nyingi za miaka hii ziko pia na mulango mudogo wa USB. Hapo unaweza kuingiza kle yenye nyimbo, bila kuzungusha diski hata moja.

2. Kuunga waya

Nyuma ya mashine mutaona vitundu vitatu vya rangi. Cha njano ni cha picha. Cheupe ni sauti ya upande wa kushoto, na chekundu ni sauti ya upande wa kuume. Watu wengi wanaingiza zote tatu katika televizio, wanafunga kazi. Hapo ndipo muziki unaharibika, kwa sababu bafle za televizio ni ndogo, sauti nzito za gita ya besi na za ngoma hazitoki.

Fanyeni hivi: waya wa njano uende kwa televizio. Waya mweupe na mwekundu ziende kwa ampli, ao kwa radio yoyote yenye kitundu kilichoandikwa AUX ao LINE IN. Hata ile radio-kaseti iliyokufa inaweza kusaidia: ikiwa ni sehemu ya kaseti tu iliyoharibika na kitundu cha AUX kiko, ampli na bafle zake zingali zinatumika. Usiitupe!

Angalisho: usiingize waya hizo katika kitundu cha PHONO, hicho kilifanywa juu ya santuri. Wala katika kitundu cha mikro. Sauti itatoka yenye kukwaruza, na bafle zinaweza kuumia.

Ikiwa nyuma ya mashine mutaona vitundu vingi vya sauti, vyeupe na vyekundu na rangi zingine, ni vya kuunga bafle tano ao sita. Kwa bafle mbili, tumieni viwili vilivyoandikwa L na R peke yake. Kisha ingieni katika mapangilio ya sauti na telekomande, muchague "Stereo". Juu ya nini? Kwa sababu filme nyingi zinaweka maneno ya watu katika bafle ya katikati. Ikiwa bafle hiyo haiko, na mashine haijaambiwa, mutasikia muziki na bunduki sana, lakini maneno ya wachezaji kidogo tu.

3. Kusikiliza muziki televizio ikiwa imezimwa

Vijana wengi wanafikiri kwamba lazima kuwasha televizio ili kusikia wimbo. Si lazima. CD ya muziki ikiingia, inaanza yenyewe. Ukitaka wimbo wa 7, finya 7 kwenye telekomande.

Kwa CD ya MP3 ao kle, panga nyimbo katika vikapo vyenye namba: 01 kwaya, 02 za watoto, 03 za zamani, na kadhalika. Andika orodha kwenye karatasi, ibandike pembeni ya mashine. Ao washa televizio dakika moja, chagua, kisha uizime. Muziki utaendelea.

Faida yake ni umeme. Sisi wote tunajua: katika sehemu za mine umeme unapita juu ya vichwa vyetu kwenda viwandani, lakini nyumbani unakatika. Jamaa nyingi zimenunua pano ya jua na batri. Tufanye hesabu. Batri ya volti 12 yenye alama 50 Ah inabeba Wh 600. Ikiwa ni batri ya namna ile ya motokari, ni vizuri isitumike kupita nusu, isipokufa mbio. Basi tuko na Wh 300.

Televizio ya zamani yenye kioo kinene, tuseme inakula wati 70, na DVD wati 15: jumla wati 85. Wh 300 kugawanya kwa 85 ni saa tatu na nusu. Lakini DVD ya wati 15 na radio ya wati 15, televizio ikiwa imezimwa, ni wati 30 tu: saa 10. Toa kidogo kinachopotea katika kile kifaa cha kubadilisha umeme wa batri. Hata hivyo tofauti ni kubwa. Vijana, someni namba za wati nyuma ya vyombo vyenu, mufanye hesabu ya nyumba yenu wenyewe.

Na siku umeme ukikatika, ondoeni waya katika prizi. Watoto wakilia njiani "Courant imerudi!", musikimbilie kuwasha. Umeme unaporudi, nguvu yake inaweza kuruka juu, na hapo mashine nyingi zinaungua. Ngojeni dakika kumi hivi mpaka utulie.

4. Shida ndogo na dawa yake

Diski inarukaruka. Mara nyingi ni vumbi, na vumbi ya barabara za mine inaingia pahali pote. Pangusa diski na kitambaa laini, toka katikati kwenda pembeni. Usizungushe mukono, kwa sababu mukwaruzo unaofuata mzunguko ndio unamusumbua zaidi msomaji wa laser. Funika mashine ikiwa imezimwa, lakini ondoa kitambaa kabla ya kuiwasha, isipate moto kupita kiasi.

DVD inakataa kabisa. Filme za DVD ziligawanywa kwa zone. Inchi yetu iko katika zone 5, pamoja na Zambia. Afrika ya Kusini na inchi nyingi za Ulaya ziko katika zone 2, na Marekani ni zone 1. Ndugu akituma filme kutoka Ubelgiji, mashine ya zone 5 inaweza kuikataa, na diski si mbaya. Angalia namba ndani ya alama ya dunia nyuma ya kifuniko. Wakati wa kununua mashine, uliza ile inayosoma zone zote. CD za muziki hazina zone.

Filme iko chini, muziki uko juu sana. Kabla ya kubadilisha diski, punguza sauti kwanza. Usiku, tafuta katika mapangilio ya sauti herufi DRC. Si jina la inchi yetu kwa Kiingereza! Ni namna ya kupunguza makelele makubwa ya filme na kuinua maneno madogo, ili nyumba ya jirani ilale.

5. Kupatana nyumbani

Sasa tufike kwa neno kubwa. Mashine moja katika salo moja, na watu saba wanaitaka. Tena katika nyumba nyingi za kampi ukuta ni mwembamba, na papa anatumika usiku. Anarudi asubuhi, anataka kulala. Saa nne yaya anaweka muziki, wadogo wanacheza, mama anapika. Papa anageuka kitandani, hapati usingizi. Jioni anarudi kazini na macho mazito, kwenye mashine kubwa ao chini ya udongo.

Vijana, tusikilizane hapa. Usingizi wa mutu wa mine ni kama kofia yake ya kazi: unamulinda. Anayemunyima usingizi anamutuma kazini bila kofia.

Basi andikeni juma la papa kwenye karatasi: siku za usiku, siku za muchana, siku za mapumziko. Juma la usiku, muziki unaanza papa akiamuka. Kabla ya hapo, anayetaka kusikiliza atumie kaske ya masikio, kwa sauti ya chini. Saa za masomo za jioni, mashine inalala. Siku ya mapumziko kila mutu ana zamu yake, na mama pia, kwa sababu mara nyingi yeye ndiye anasahauliwa.

Kuna jambo lingine ambalo jamaa nyingi hazisemi. Papa aliyetumika miaka mingi karibu na mashine za kutoboa ao za kuponda mawe, masikio yake yanaweza kuwa yamechoka. Anasikia sauti, lakini hashiki maneno. Anaongeza sauti ya filme, watoto wanacheka ao wanakasirika. Musimucheke. Mukae naye karibu na bafle, mupunguze besi, na mufinye "SUBTITLE" kwenye telekomande ili maneno yaandikwe chini ya picha. DVD nyingi zinayo, na mutoto anayejifunza Kifaransa atafaidika pia. Kisha mumusindikize hospitali wamupime masikio.

Na masikio ya watoto yachungwe yasifike pale. Mwaka 2019 Shirika la Afya la Ulimwengu (OMS) lilitoa kipimo cha kusikiliza muziki: desibeli 80 kwa saa 40 kila juma kwa mukubwa, na desibeli 75 kwa mutoto. Nyumbani hatuna chombo cha kupima, lakini tuna mukono. Ikiwa mutu aliye mbali nawe kwa urefu wa mukono lazima apige kelele ili umusikie, muziki uko juu sana. Hata kaske inaweza kuumiza namna hiyohiyo, na mwenye kaske hasikii mutu akimuonya.

Maswali ya kuzungumzia nyumbani

– Katika nyumba yetu, nani anaamua kinachochezwa? Nani hajapata zamu hata mara moja mwezi huu?

– Papa analala saa ngapi akitoka kazi ya usiku? Tumemuuliza yeye mwenyewe?

– Tukizima televizio wakati wa muziki, batri yetu inaweza kufika mpaka saa ngapi?

Mashine haina mukubwa wala mudogo, inatii kidole kinachoifinya. Sisi ndio tunaamua kama italeta furaha ao ugomvi. Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuchunga batri na pano ya jua wakati wa mvua. Kaeni vema.