Bossa nova haikuzaliwa New York

Makala iliyomfanya mpiga saksofoni Stan Getz kuwa baba wa bossa nova inawapokonya Wabrazili haki yao. João Gilberto alirekodi "Chega de Saudade" kwao Brazil mwaka 1958. Getz na Charlie Byrd walirekodi albamu ya Jazz Samba mwaka 1962. Nani alimfuata nani?

Mwandishi anatuelekeza kwenye albamu ya Getz/Gilberto, iliyorekodiwa New York mwaka 1963. Haya, tuisikilize. Piano ni ya Tom Jobim, mtunzi wa nyimbo nyingi za humo. Ngoma ni za Milton Banana. Kwenye gitaa la João, kidole gumba kinashika besi kwa utulivu, vingine vinazivuta nyuzi kwa pamoja, mara vikiwahi, mara vikichelewa. Hiyo ni samba, imeingizwa yote ndani ya gitaa moja. Saksofoni ya Getz ni tamu, naipenda mno, lakini ilihamia nyumba iliyokwisha kuezekwa.

Tena santuri ndogo ya wimbo wa humo, "The Girl from Ipanema", iliyovuma mwaka 1964, ilikata ubeti wa João wa Kireno. Akabaki mwimbaji Astrud kwa Kiingereza, na saksofoni.