Mlimani Fuata Pumzi, Usifuate Saa

Kila mwaka zinapokaribia mbio za Kilimanjaro Marathon pale Moshi, vijana wa parokia zetu hujiandikisha kwa wingi, na siku hizi baba na mama zao nao wamo. Ni jambo la kupongeza. Lakini mbio zikiisha lalamiko ni lile lile: kilima cha Mweka kimewamaliza. Kwa maoni yangu kilima kinasingiziwa. Anayekwama Mweka mara nyingi amekwisha kujimaliza mapema, kule tambarare, alipokuwa bado anajiona ana nguvu nyingi.

Tazama njia yenyewe. Katika marathoni kamili, yaani kilomita 42, wakimbiaji huanza na sehemu iliyo karibu tambarare kuelekea barabara ya Dar es Salaam, hurudi mjini, ndipo hupanda kuelekea Mweka, miguu ikiwa imekwisha choka. Wa nusu marathoni hupanda mapema na kurudi wakiteremka. Kote kuwili, anayetumia nguvu nyingi katika kilomita za kwanza atalipa baadaye.

Hata mabingwa hulipa. Mtanzania mwenzetu Juma Ikangaa alishinda New York mwaka 1989 kwa saa 2:08:01. Mwaka uliofuata alikwenda Boston, Marekani, ambako njia huanza kwa mteremko na vilima vya Newton huja baada ya kilomita 25. Ikangaa alitoka kwa kasi kubwa mno. Gelindo Bordin wa Italia, bingwa wa Olimpiki wa 1988, hakumfuata kwa pupa. Alimpita baadaye, akashinda kwa 2:08:19. Ikangaa alikuwa wa pili kwa 2:09:52. Ikiwa mtu wa kiwango kile aliadhibiwa, itakuwaje kwa mwimbaji wa kwaya aliyeanza mazoezi baada ya Noeli?

Sababu yake si ngumu. Ukipanda kwa mwendo ule ule wa tambarare, mwili hudai hewa nyingi zaidi na moyo huenda mbio. Misuli huanza kuchoma kwa haraka ile sukari iliyohifadhiwa ndani yake na katika ini, na akiba hiyo ni ndogo. Ikiisha, miguu huwa kama magogo, hata ukitiwa moyo namna gani.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kinachotakiwa kubaki sawa ni juhudi. Mwendo uache upungue. Kipimo chake hakihitaji saa ya bei kubwa: tambarare, uweze kusema sentensi nzima na mwenzako, mlimani, maneno matatu au manne kabla ya kuvuta pumzi. Ukishindwa hata hayo, punguza. Fupisha hatua, na pakiwa pakali tembea. Wapo wanaoona aibu kutembea mbele ya watu. Hao hao huonekana wamekaa kando ya barabara wakishika mapaja.

Mteremko nao una hila yake. Pumzi hurudi, mtu akadhani sasa ni wakati wa kufidia dakika zote alizopoteza. Hazirudi zote. Kila hatua ya kuteremka misuli ya mbele ya paja hufanya kazi ya breki huku ikivutwa, na nyuzi zake huumia. Ndiyo maana maumivu huzidi siku ya pili, hata kupiga goti kanisani ikawa shida. Teremka kwa hatua fupi za haraka, usijitupe.

Mbio hizi mara nyingi huangukia ndani ya Kwaresima. Jumapili si siku ya kufunga, lakini wapo wanaojinyima chakula wiki nzima kisha wakaamkia mbioni. Sijaona busara katika hilo. Ile akiba ya sukari hujazwa kwa ugali, wali, ndizi na viazi vya siku mbili tatu kabla. Anayetaka kujinyima ana siku nyingine nyingi.

Mwenye shinikizo la damu, kisukari au maumivu ya kifua aonane na mganga kabla ya kulipa ada ya kujiandikisha, wala asingoje wiki ya mwisho. Na yeyote atakayebanwa kifua au kuona kizunguzungu akiwa njiani, asimame hapo hapo na kuwaita wahudumu wa huduma ya kwanza, hata kama amebakiza kilomita moja.