Miraa, Maharagwe na Haki ya Mama

Sisi watu wa pwani huijua miraa ikishafika barazani. Majani ya mgomba hufunguliwa, birika la chai likawekwa kati, tukabishana usiku kucha kama ni haramu au makuruhu. Aliyeipanda hatumtaji, seuze mkewe.

Nilipata kupita Kianjai, huko Tigania, kwenye njia itokayo Meru kwenda Maua. Moyoni nilitarajia kuona miraa tupu. Kumbe sokoni nilikuta kina mama na magunia ya mahindi na maharagwe, wakipima kwa gorogoro. Miraa ipo, na huzidi kadiri uikabilivyo milima ya Nyambene. Lakini hata huko, kati ya miti yake hulimwa chakula.

Kwa desturi ya wenyeji, miti ya miraa ni ya wanaume. Baba humrithisha mwanawe, vijana ndio wapandao kuchuma, na fedha huingia mfukoni mwa mume. Jembe la mahindi na maharagwe ni la mama.

Sasa tazama, msomaji, nguvu iko wapi. Miraa ikishachumwa, baada ya siku mbili tatu haina thamani. Ndiyo maana magari yake hukimbia kama yafukuzwayo. Uholanzi ilipoipiga marufuku mwaka 2013, Uingereza mwaka 2014, na Somalia ilipoifungia mlango tangu Machi 2020 hadi Julai 2022, mkulima hakuwa na la kuweka ghalani. Mwenye akiba alikuwa mama. Maharagwe humngoja mnunuzi. Miraa haimngoji mtu.

Rai yangu ni hii. Wazee wa Njuri Ncheke, wenye makao yao Nchiru, si mbali na Kianjai, husikizwa katika mambo ya ardhi na urithi. Nawaitumie sauti hiyo mama apate fungu lake katika fedha ya miraa. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekwisha sema kwamba mume na mke wana haki sawa katika ndoa.

Na sisi je? Shilingi tuiachayo barazani mara nyingi ni ya chakula cha nyumbani. Kule mama hunyimwa shilingi ya miraa ikiingia. Huku hunyimwa ikitoka. Basi kabla ya kulihukumu jani, natuihukumu kwanza dhuluma hiyo, maana juu yake hakuna aliye na shaka.