Mtajeni Mbaraka kwa Jina Lake

Jioni moja hapa Yamumbi, ubaridi wa Uasin Gishu ulipokwisha kushuka nasi tumejikusanya mbele ya duka tukingoja chai, redio ilipiga wimbo wa “Shida”, na kijana mmoja wa bodaboda, aliyekuwa akiufuatisha neno kwa neno, akanigeukia akaniuliza: “Mzee, huyu anayeimba ni nani, na hilo gitaa analipiga nani?” Nikamjibu kwamba mwimbaji na mpigaji ni mtu mmoja, Mbaraka Mwinshehe, aliyefariki kabla yeye hajazaliwa. Mtangazaji hakulitaja jina hilo, si kabla ya wimbo wala baada yake.

Mbaraka alizaliwa Tanganyika mwaka 1944, akapata sifa akiwa na Morogoro Jazz, kisha mwaka 1973 akaunda Super Volcano. Na Januari 1979 ajali ya gari ikamwondoa duniani huko Mombasa, umri wake miaka 34. Aghalabu wamzungumzao huanzia kwenye ajali hiyo, kana kwamba mauti ya mapema ndiyo yaliyompa utukufu, nami siafikiani nao hata kidogo. Utukufu wake ulikuwa vidoleni. Gitaa lake la solo halikuwa na pupa. Lilingoja sauti ya mwenyewe imalize neno, ndipo likajibu, mara kwa upole, mara kwa kusihi, hata msikilizaji akadhani anasikia watu wawili wakinong’onezana faragha, na mdundo ulipochapuka likashika usukani peke yake wala lisipotee njia. Fauka ya ustadi huo, alikuwa mhifadhi wa tarehe: Dakta Kleruu, Mkuu wa Mkoa wa Iringa, alipouawa mwaka 1971, Mbaraka alimtungia wimbo wa maombolezo, na habari ile ikadumu hata vinywani mwa watu ambao pengine hawakupata kusoma gazeti hata moja la siku zile.

Mwaka 1970 Mbaraka na wenzake walisafiri hadi Osaka, Japani, kuiwakilisha Tanzania katika maonyesho makubwa ya dunia. Na Septemba ya mwaka uo huo Jimi Hendrix, mpigaji gitaa wa Kimarekani, alifariki London akiwa na miaka 27. Sikusudii kuwapima wawili hawa kwa mizani moja, kwa kuwa kila mmoja alikuwa na bahari yake. Lakini Hendrix huandikiwa vitabu hata leo, ilhali Mbaraka, aliyeimba kwa lugha yetu wenyewe na kufia katika nchi yetu, twamsikiliza kama mpita njia asiye na jina.

Enyi watangazaji, nawasihi: mpigapo nyimbo zake, tajeni jina lake, bendi yake na mwaka. Hayo hayazidi nusu dakika, na yule kijana wa bodaboda pale dukani angali akisikiliza.