Kinga ya kwanza ya kooperative: tuangalie freni mbele ya rangi



Kila tukimaliza kuvuna viazi, swali lile lile linarudi kwenye mkutano: tutoe feza kwenye sanduku tununue kinga, ao tungoje? Mara hii wengi wamekubali tununue. Lakini kinga gani? Vijana wanataka ile ya vitesi vingi, yenye matairi ya mikato mikubwa. Wazee wanataka ile kubwa nyeusi ya zamani, Phoenix ao Hero, juu ya baba zao walikuwa nayo. Sisi wa kamati tuko na maoni yetu, na tuliyapata kwa maumivu.

Wengi munakumbuka. Kinga tuliyonunua mbele ya hii tuliichagua siku moja, saa ya jua, kwenye uwanja mukavu. Ilikuwa inang'aa. Kila mutu aliipanda, akazunguka mara mbili, akasema iko nzuri. Hakuna hata mmoja aliyeiwekea muzigo. Wiki tatu nyuma yake, mwenzetu alishuka nayo na magunia mawili ya viazi, mvua ikinyesha. Alibana freni, kinga haikusimama. Aliiachilia, akaruka kando. Viazi vilienda bondeni, mfupa wa bega ulivunjika, na kooperative ililipa matunzo kwa feza iliyokuwa ya mbegu. Hatumlaumu muuzaji wala mwenzetu. Kosa lilikuwa letu sisi tuliochagua.

Tuanze na njia yetu wenyewe. Kutoka Kibabi kwenda kuuza, njia ni kupanda na kushuka, na ukifika Mushaki unabaki na mteremko murefu mpaka Sake. Mutu mwenye gunia mbili nyuma hapandi mlima akikanyaga pedali. Anashuka, anasukuma. Kazi ya kweli ya kukalia kinga iko kwenye mteremko. Kwa hiyo kwetu hapa kinga nzuri ni ile inayosimama, hata kama haikimbii sana. Ukiijaribu tupu kwenye uwanja, hujaijaribu bado.

Tuseme basi juu ya freni. Zile kinga nyeusi za zamani zinatumia freni za vyuma virefu, vinavyovuta vipande vya mpira kwenye ringi. Ni ngumu kuharibika na fundi yeyote anaweza kuzinyoosha kwa nyundo. Lakini ringi yake ni chuma cha kung'aa, na chuma hicho kikilowa maji, mpira unateleza juu yake kama mguu kwenye udongo wa Masisi. Ringi za aliminiamu zinashika vizuri zaidi wakati wa mvua. Kuna pia kinga zenye freni ndani ya kitovu cha gurudumu la nyuma: unakanyaga pedali kurudi nyuma, inasimama. Ile inayoitwa Buffalo, ya shirika World Bicycle Relief lililoanza mwaka 2005, iko hivyo, na kiti chake cha mizigo kimetengenezwa kubeba kilo 100. Freni ya ndani hailowi kwa urahisi. Lakini kwenye mteremko murefu inapata moto sana, na ikipata moto nguvu inapungua, kwa hiyo usikubali kinga ya namna hiyo kama haina freni ingine mbele.

Namna ya kupima ni hii. Shika freni ya mbele, sukuma kinga mbele kwa nguvu. Gurudumu lisizunguke hata kidogo. Fanya vile vile na ya nyuma. Kisha mwaga maji kwenye ringi, rudia. Muuzaji akikasirika, muache akasirike.

Nyuma ya freni, magurudumu. Hesabu njiti, zile waya zinazotoka kwenye kitovu. Kinga nyingi za muzigo za namna ya zamani ziko na 32 mbele na 40 nyuma, na hiyo 40 njo inayobeba viazi vyako. Zishike mbili mbili kwa vidole: zote ziwe zimekazwa sawa. Inua gurudumu, lizungushe, angalia kama linayumba karibu na freni. Likiyumba likiwa tupu, litafanya nini chini ya gunia?

Sasa vitesi. Hapa vijana watatukasirikia. Tunajua majirani wetu wa Rwanda. Tom Ritchey, Mmarekani mtengenezaji wa baiskeli, alifika kule mwaka 2005, na kutoka hapo kukatokea kinga ndefu ya kubebea kahawa, yenye vitesi, iliyoenda kwa wakulima wa kooperative za kahawa. Wazo lilikuwa zuri, na milima yao inafanana na yetu. Lakini kitesi cha nyuma kinaning'inia chini karibu na udongo. Kwetu kuna mawe, kuna matope mpaka kwenye goti, na siku kikipinda kifaa chake hakipatikani karibu. Kinga inalala nyumbani miezi miwili. Kwa kinga ya kwanza tunasema: sheni moja, kitesi kimoja. Siku fundi wetu atakuwa na vifaa vya kubadilisha, tutaongea tena.

Kuna jambo moja ambalo halisemwi kwenye mikutano, juu ya wanaosema sana ni wanaume. Nani anabeba mizigo yetu leo? Ni wamama, na kamba kwenye paji la uso, gunia mgongoni. Tukasema tunanunua kinga juu yao. Halafu tunaleta kinga ndefu yenye chuma kinachopita juu kati ya kiti na usukani, mama mwenye kikwembe hawezi kuipanda, na kesho yake kinga iko kwa kijana anayebeba watu kwa malipo. Tunaomba kinga yenye chuma cha kati kilichoshuka, na kiti kinachoweza kuteremshwa mpaka mama akiketi miguu iguse chini. Mutu mwenye miguu inayogusa chini hashtuki haraka. Na wamama wawili wawe kwenye kundi linaloenda kununua.

Feza zote zisiishie kwa muuzaji. Tuweke robo pembeni. Kiti cha mizigo cha nyuma kichomelewe chuma cha kuongeza, juu ya kile kinachokuja na kinga mara nyingi ni cha kubeba mutoto wa shule. Tununue pompu, mpira wa ndani wa akiba, viraka na gundi, ufunguo namba 15 wa kufungua gurudumu, na vipande vya freni jozi mbili. Kamba za kufungia tukate kwenye mipira ya ndani iliyozeeka, zinavuta kuliko kamba ya nailoni. Fimbo ya kuegemeza kinga ikiwa na muzigo, kila mutu anajua kuikata.

Rangi? Nyeusi, ao ya kuzeeka. Kinga inayong'aa inaita macho njiani, na munajua macho ya nani.

Kuna wanaouliza kama chukudu tuiache sasa. Hapana. Chukudu ni mbao na mpira, ikivunjika tunaichonga upya hapa hapa, na inabeba muzigo ambao kinga haiwezi. Goma waliijengea sanamu mwaka 2009, na haikuwa bure. Viazi vingi viende kwa chukudu. Kinga ibebe vile vinavyoharaka: fromaji, maziwa, dawa ya mifugo, na mama anayekwenda hospitali.

Tunaomba basi hivi. Siku ya kwenda kuchagua, kundi liende na gunia moja la viazi la kilo 50 na kidumu cha maji. Gunia lifungwe nyuma, ringi zilowanishwe, mmoja wetu ashuke nayo mteremko mfupi, mama mmoja naye ashuke. Ikisimama pale tulipochora mstari, tunalipa. Isiposimama, tunafungua gunia letu na kurudi nalo nyumbani.